Vifungo vya Kubonyeza kwenye Kava za Makochi: Niliyojifunza kwa Kuharibu Kazi

Kazi iliyonifundisha zaidi kuhusu vifungo vya kubonyeza ilikuwa ya viti vya baraza katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale wa Mombasa, ambavyo mwenyewe, bi mkubwa mpenda usafi, alitaka viwekewe kava nyeupe zinazoweza kuvuliwa na kufuliwa kila mwezi. Nilimshonea kava sita katika mwezi wa Shaabani, nikazipigia vifungo arubaini na vinane, madume, vile vipande vyenye kichwa kinachochomoza, kwenye mbao, na majike yanayokipokea kichwa hicho kwenye kitambaa, na siku ya kukabidhi kila aliyeketi juu yake aliisifu kazi. Baada ya Idd niliitwa. Madume yote yalikuwa imara kwenye mbao, na mengi kati yao yalikuwa bado yamekumbatiwa na majike yake; kilichokosekana ni kitambaa, ambacho kilikuwa kimechanika kwa duara safi kuzunguka kila jike. "Mwanangu," aliniambia bila ya hasira, "vifungo vyako ni vizima, kava zangu ndizo zilizokufa."

Nilikuwa nimefikiria sana siku ya kukaa, nisifikirie hata kidogo siku ya kuvua. Tangu hapo nimeamini kwamba kifungo cha kubonyeza hakiharibu kava kikiwa kimefungwa, bali huiharibu kinapofunguliwa, na kwamba anayepanga vifungo vya kochi hana budi kuanza na mkono utakaovivua, ambao mara nyingi si mkono wake yeye fundi.

Sababu yenyewe si ngumu kuielewa. Kichwa cha dume huingia katika jike kwa kupenya springi, ambayo katika aina nyingi ni waya mwembamba unaotanuka na kurudi. Kitambaa kikivutwa ubavuni, yaani sambamba na ubao, kama kinavyovutwa mtu anapojigeuza kitini, ukuta wa jike hulisukuma dume kwa upande na springi haipati kazi kubwa. Ndiyo maana kifungo kidogo huhimili uzito ambao usingeutarajia. Kikivutwa kwa kubanduliwa, mambo hubadilika, kwa sababu ukingo mmoja wa jike huinuka kwanza na kitambaa kilicho upande huo hubeba mvuto wote peke yake, kama msumari unaong'olewa kwa mtaimbo. Mjerumani Heribert Bauer alipopata hataza ya kifungo cha aina hii mwaka 1885, alikuwa akiwazia suruali za wanaume, na mwenye suruali hushika ukingo wa nguo kwa vidole viwili pale pale kifungo kilipo. Mwenye kochi hafanyi hivyo. Hushika kitambaa popote mkono ulipofika, akavuta kwa bega.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalolifanya sasa ni kuupa mkono mahali pa kushika. Kando ya vifungo hushonea ulimi, kipande cha utepe imara kilichokunjwa mara mbili, chenye upana wa vidole viwili, kilichoingizwa ndani ya upindo umbali usiozidi sentimita mbili kutoka kwenye kifungo. Si lazima kila kifungo kiwe na ulimi wake. Kile kinachofunguliwa kwanza ndicho kinachouhitaji zaidi, kwa kuwa kikishafunguka kile, vinavyofuata hufunguka kwa kufuatana. Wateja wengine huuona ulimi kuwa unaharibu sura ya kochi, nami huwaahidi kuuficha upande wa chini, lakini sikubali kuuondoa.

Jambo la pili ni kile kinachokaa nyuma ya kitambaa, na hapa ndipo nilipokosea zaidi katika ile kazi ya Kibokoni. Nilitoboa tundu katika tabaka moja la pamba, nikagonga kifungo, nikaridhika kwa sababu kilikaza. Kitambaa kimoja, hata kiwe kizito namna gani, hakifai kubeba kifungo peke yake, kwa kuwa tundu limeshakata nyuzi zilizokuwa zibebe mzigo. Siku hizi kila ukingo wenye vifungo huupinda uwe na matabaka mawili, na katikati hupitisha ukanda wa turubai au wa mkoba, ule mgumu wa kushonea mikanda ya mabegi, kwa urefu wote wa ukingo. Vipande vidogo vya duara kwa kila kifungo huokoa kitambaa, lakini huhamisha tatizo tu, kwani mpasuko huanza pale kipande kinapoishia. Ukanda mrefu hugawa mvuto mmoja kwa vifungo vitatu au vinne.

Tundu nalo liwe dogo kuliko mguu wa kofia, yaani kile kipande cha juu kinachoonekana nje ya kitambaa, ambacho mguu wake hupenya hadi kwenye jike na kulishika, ili nyuzi zisukumwe kando badala ya kukatwa. Kwa kitambaa kilichofumwa mimi hutumia msumari mnene uliochongwa ncha, nikauzungusha hadi nyuzi ziachane. Kitoboleo cha kukata duara nimekibakizia reksini na ngozi peke yake.

Mguu wa kofia unastahili kusemwa zaidi, kwa sababu wanunuzi wengi hutazama kichwa kinachong'aa wakasahau mguu. Ukubwa wa kofia huhesabiwa kwa laini, ambapo laini 40 hufanya inchi moja, na kinachofaa kwa makochi ni laini 24, yaani kama milimita 15. Lakini kofia mbili za laini 24 zaweza kuwa na miguu ya urefu tofauti. Mguu ukiwa mrefu kuliko unene wa matabaka yako, ukiugonga hulala ubavu badala ya kukunjika sawasawa pande zote, na kifungo hubaki kikicheza na kukata nyuzi taratibu. Ukiwa mfupi, hushika ncha tu na kitang'oka mapema. Hubana matabaka yote kwa pamoja na ukanda wake, nikapitisha kofia, nikatazama: nikiona mguu umechomoza ndani ya jike kwa kiasi cha milimita tatu, nauchukua. Kisha hugonga vifungo viwili vya majaribio katika kipande cha kitambaa kilekile na kuvifungua na kuvifunga mara hamsini nikiwa nimekaa na chai yangu. Majirani wa karakana wamezoea kelele hiyo.

Kuhusu nafasi, mazoea yangu ni sentimita kumi na mbili hadi kumi na tano katika ukingo ulionyooka, na nane hadi kumi katika mkunjo. Kuviongeza ili kava ikaze zaidi ni kosa, kwa sababu kazi ya kukaza kitambaa ni ya ukataji na ushonaji. Kifungo kazi yake ni kuzuia ukingo usitoke. Kava iliyokatwa fupi ikavutwa hadi vifungo vifike huwa inabanduliwa saa zote, mchana na usiku, hata nyumba ikiwa tupu. Panapohitajika mvuto kidogo, hupitisha mpira mpana baina ya ukingo na ule ukanda wenye vifungo.

Na hata ukikata vizuri, pamba itakusaliti ukiifua. Kabla ya kukata kitambaa chochote kilichonunuliwa Barabara ya Biashara au kwengineko, huchora juu yake mraba wa sentimita 50 kwa 50, nikakifua kwa namna ileile mwenye nyumba atakavyokifua, nikakianika juani na kukipima tena. Mraba ukirudi na sentimita 48, kitambaa kimepoteza asilimia nne, na kwenye kochi la watu watatu lenye urefu wa mita mbili hizo ni sentimita nane, zaidi ya nusu ya nafasi ya kifungo kimoja. Dawa ni kukifua kitambaa kizima kwanza, hata mteja akilalamika kwamba kazi inachelewa.

Nyumba nyingi za hapa zina kava za siku zote na kava za sikukuu, na jambo hili hubadilisha mpango wote. Kwa kava moja unaweza kuanza katikati ya kila upande ukielekea kona, ukipaka chaki kichwani mwa dume lililokwisha kukazwa kwenye mbao, ukabonyeza kitambaa juu yake na kutoboa pale alama ilipobaki. Njia hii husamehe makosa ya ubao, kwa kuwa kila jike hufuata dume lake. Kwa seti mbili haitoshi, maana kasoro ya milimita tano iliyosamehewa katika kava ya kwanza lazima irudiwe vilevile katika ya pili, wala hakuna jicho linaloweza kuirudia. Kwa hiyo hukata kipimo cha kadibodi ngumu kwa kila upande wa kila kiti, nikatoboa mahali pa vifungo, na kwa kipimo hicho hutia alama ubao na kava zote. Kadibodi huandikwa namba na hubaki kwa mwenye nyumba. Tundu lililokosewa kwenye mbao huzibwa kwa kijiti na gundi. Lililokosewa kwenye kitambaa halina fundi.

Sasa bahari. Anayefanya kazi hii Nairobi anaweza kununua kifungo chochote kinachobana, lakini Mombasa ni kisiwa, na upepo unaotupoza ndio huo huo unaobeba chumvi hadi sebuleni, ukiwa wa kusi au wa kaskazi. Vifungo vya bei ya chini mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichopakwa nikeli nyembamba. Ule mpako hukwaruzika kwanza pale dume na jike yanaposuguana, chuma hupata kutu, na kutu hiyo hutoa doa la kahawia ambalo sabuni hailiondoi, huku dawa ya kung'arisha yenye klorini ikizidi kulikoleza. Limau na chumvi juani vimeniokoa mara kadhaa, ila si kila doa hukubali. Ndiyo maana nakwenda dukani na sumaku ndogo mfukoni: ikishika kifungo kwa nguvu, nakirudisha. Siku moja muuza duka, ambaye sitamtaja, aliniapia kwamba vifungo vyake ni shaba nyeupe, na sumaku ikaruka kutoka vidoleni mwangu ikajibandika juu ya boksi lake. Tulicheka wote wawili, na sikununua.

Kwa ndani ya nyumba, shaba nyeupe iliyopakwa nikeli inatosha. Ikichakaa huota ukijani badala ya kutu, na ukijani huonekana mapema ukafutika. Kwa viti vya nje, vya hoteli za ufukweni au vya mashua pale mkono wa bahari wa Mtwapa, nataka chuma kisichoshika kutu cha daraja la 316, ambacho kina molibdeni na kwa hiyo huvumilia chumvi kuliko kile cha 304 kinachotengenezewa vyombo vingi vya jikoni. Tazama pia skrubu iliyo chini ya dume. Nimewahi kununua madume ya shaba yaliyofungwa kwa skrubu za chuma cha kawaida; metali mbili zisizolingana zikikutana penye maji ya chumvi, ile dhaifu huliwa haraka zaidi, na baada ya misimu miwili madume yalibaki mkononi mwangu bila skrubu, zikiwa zimeozea ndani ya mbao. Uzi nao uwe wa poliesta, kwa kuwa wa pamba huoza kwa unyevu. Mwenye mashua mwambie asuuze vifungo kwa maji baridi ya mfereji kila anaporudi, na avipake mafuta mepesi ya mgando mara moja moja ili springi isigande.

Mbao hazinisumbui sana. Katika mvule au mkangazi, skrubu namba 8 hutaka tundu la milimita tatu kabla ya kukazwa, la sivyo ubao hupasuka au kichwa cha dume hukatika. Ubao wa unga uliobanwa, unaotumiwa katika makochi mengi ya madukani, haushiki skrubu inayovutwa kila mwezi. Hapo hupigilia kwanza kipande cha mbao halisi kwa ndani, na kama fremu haina nafasi hiyo, humshauri mteja aachane na vifungo kabisa achukue zipu. Zipu vilevile ni bora kwa mto unaoondoka mzima, kwani kifungo faida yake ni pale kava inaposhikana na fremu isiyosogea.

Kabla ya kupokea salio la pesa zangu, humwomba mwenye nyumba avue kava moja mwenyewe mbele yangu, bila ya kumwelekeza. Bi mkubwa wa Kibokoni, nilipomrudishia kava mpya zenye ukanda ndani na ndimi katikati ya kila upande, aliziangalia, akanishukuru, kisha akaupita ulimi kana kwamba haupo, akashika kona na kuvuta kwa bega kama alivyozoea. Kitambaa kilistahimili. Hata hivyo nilizikunja kava zote sita, nikarudi nazo karakanani, na kesho yake kila kona ilikuwa na ulimi wake, pale pale mkono wake ulipokwenda.