Uliza Fundi: Taa inasema taimingi ni sawa, injini inakataa

SWALI: Ndugu Fundi, nina Land Cruiser pikapu ya mwaka 1978 yenye injini ya petroli ya 2F, ambayo imetoka kufanyiwa ovaholi. Krenki ilichongwa, pistoni na ringi zikawekwa mpya, na flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya krenki) ikabadilishwa kwa nyingine iliyotumika kwa sababu meno ya ile ya zamani yalikuwa yameliwa. Tangu hapo gari halina nguvu mlimani, manifoldi ya ekzosi inapata moto hadi kuwa nyekundu, na nikikanyaga mafuta ghafla injini inapiga kwenye kabureta. Taa ya taimingi, yaani ya kupima wakati cheche inapowaka, inaonyesha alama ya flaiwili iko mahali pake. Fundi akizungusha distributa (kigawa cheche) kwa kusikiliza mlio, gari linachangamka, lakini alama inatoweka kabisa kwenye dirisha la flaiwili. Tufuate taa au sikio? Msomaji, Singida.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa sasa msifuate lolote kati ya hayo mawili. Taa ya taimingi hupima jambo moja tu: cheche ya plagi namba 1 inatokea wakati alama ya flaiwili iko wapi. Haijui pistoni iko wapi. Katika injini ya 2F, kigololi kilichopigwa kwenye flaiwili huonyesha nyuzi 7 kabla ya pistoni kufika juu kabisa, na mstari huonyesha juu kabisa penyewe. Hayo ni kweli ikiwa flaiwili ni ya injini hiyo na imefungwa katika nafasi yake. Ninyi mmeweka flaiwili ya kutoka kwingine, na dalili zote ulizozitaja ni za cheche inayochelewa, kwa hiyo hapo ndipo ningeanzia.

Itafuteni juu kabisa kwa pistoni yenyewe. Ondoeni waya wa betri, fungueni plagi zote sita, kisha kwenye tundu la silinda namba 1 fungeni kizuizi butu, ambacho fundi anaweza kukitengeneza kwa ganda la plagi ya zamani lililochomelewa boliti. Zungusheni injini polepole kwa mkono, kamwe si kwa stata, hadi pistoni iguse kizuizi, na mchore mstari wa chaki kwenye pulei ya krenki mkabala na mshale mliouweka imara mbele ya injini. Zungusheni kinyume hadi pistoni iguse tena, mchore mstari wa pili. Katikati kamili ya mistari hiyo miwili ndipo juu kabisa. Ondoeni kizuizi, rudisheni pulei kwenye alama hiyo, halafu chunguzeni dirisha la flaiwili: mstari usipokuwa kwenye kielekezi, flaiwili inawadanganya, na taa imekuwa ikirudia uongo huo kwa uaminifu.

Ikiwa ndivyo, hamlazimiki kushusha gia boksi leo. Pimeni mzingo wa pulei kwa utepe, mgawe kwa 360 na kuzidisha kwa 7. Pulei yenye mzingo wa milimita 470, kwa mfano, itawapa milimita 9 na kidogo. Chora alama ya pili kwa umbali huo, upande unaotangulia kupita kwenye mshale pulei inapozunguka, na mtumie hiyo pamoja na taa.

Ikiwa mstari wa flaiwili ni wa kweli, shaka inahamia kwenye kamshafti, yaani shafti inayofungua valvu. Fungueni kifuniko cha valvu na kuileta pistoni ya kwanza juu kabisa wakati silinda namba 6 ndiyo inayogandamiza. Hapo valvu ya ekzosi ya silinda ya kwanza inapaswa kuwa inamalizia kufunga huku ile ya kuingiza ikianza kufunguka. Mkikuta ekzosi bado imefunguka sana na nyingine haijaanza, gia ya kamshafti imeruka jino wakati wa kufunga, na hakuna kuzungusha distributa kutakakoliponya kosa hilo. Fungueni kava ya mbele mlinganishe alama za gia mbili. Msiliendeshe gari hivyo kwa matumaini, kwa sababu valvu za ekzosi zitaungua, na ovaholi nzima itakuwa imepotea bure.

Geji ya vakyumu, inayopima mvuto wa hewa kwenye manifoldi ya kuingiza, husaidia pia. Pwani, injini nzima ikiwa sailensa (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) huonyesha takriban inchi 18 hadi 21 za zebaki, na hupungua karibu inchi moja kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa kuwa Singida iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, msishtuke kuona 14 au 15. Sindano iliyotulia chini zaidi ya hapo huashiria taimingi iliyochelewa, ya cheche au ya valvu, au hewa inayovuja kwenye gasketi ya manifoldi.

Kabla ya kuweka taimingi upya, wekeni nafasi kati ya pointi za distributa iwe milimita 0.45, kwa maana kuibadilisha baadaye hubadilisha taimingi pia. Geuzeni rota ya distributa kwa vidole kuelekea inakozungukia. Ikiachiwa lazima irudi yenyewe kwa springi. Isiporudi, vizito vya ndani vinavyowahisha cheche kasi ikipanda vimeganda, na gari litakuwa zito kwa kasi hata kama taimingi ya sailensa ni sahihi. Chomoeni mpira wa vakyumu wa distributa na kuuziba, shusheni mzunguko hadi takriban 650 kwa dakika, kisha mweke nyuzi 7. Alama ikirukaruka chini ya taa, bushi ya shafti ya distributa imelika. Rudisheni mpira, mkalijaribu gari likiwa na mzigo kwenye mlima mnaoujua. Likigonga, punguzeni nyuzi moja au mbili, mlijaribu tena.