Kabla hujafungua mkebe wa washa

Jana tena, kwenye kusawazisha rota ya mkia wa helikopta. Kijana kashika mkebe wa washa, vile vizito vidogo vya kusawazishia, sensa ya mtetemo imeshafungwa mkiani, na panga la rota hata moja hajalitikisa kwa mkono. Nikameza mate, nikaenda kunywa chai. Sasa sikilizeni, wadogo zangu.

1. Tikisa kwanza. Panga likicheza kwenye beringi, hakuna washa ya kuliponya.

2. Futa mapanga, pande zote. Vumbi la Dodoma likishalewa grisi ni uzito tayari.

3. Utepe wa kuakisi. Hapa nikae kidogo.

Nilikuwa na mwaka wa pili kazini. Nikabandika utepe mpya kwenye panga moja, nikaelekeza jicho la mwanga, lile linalohesabu mizunguko kwa kuona utepe, nikampungia kapteni awashe. Mashine ikasoma mtetemo wa 0.06, inchi kwa sekunde, na washa sijaweka hata moja! Kikomo chetu kilikuwa 0.2. Nikamwonyesha dole gumba, akanyanyua.

Dakika tatu hazikuisha. Akatua, akazima, akavua kiatu, kweli alivua, anasugua unyayo. "Fundi, njoo ukanyage hizi pedali wewe."

Nikabisha. Nikamletea skrini. Na yeye, asiyewahi kushika spana, ndiye aliyeweka kidole kwenye namba ambayo sikuitazama: mizunguko 5,000 na ushee kwa dakika. Mkia ule unazunguka nusu yake.

Kwenye panga la pili, chini ya grisi, kulikuwa na kipande cha utepe wa zamani, kama ukucha wa kidole cha mwisho. Jicho likawa linahesabu mara mbili kila mzunguko. Mashine ikafuata mtetemo wa kasi hiyo maradufu, na ule wa mara moja kwa mzunguko, uliomtia kapteni ganzi, ikauchuja kama kelele. Tulipobandua, 0.7. Aliyeacha kipande kile kazi iliyopita? Mimi. Ndiyo asili ya namba 2.

4. Kebo ya sensa ifungwe kila shubiri mpaka mwisho wa mkia. Ikilegea, rota itaila.

5. Pua itazame upepo. Mwezi wa saba na wa nane hapa fanyeni alfajiri, kabla upepo haujaamka. Jua likichungulia kwenye jicho la mwanga namba zitarukaruka, kwa hiyo fungeni kivuli cha kadibodi kabla ya kuwasha. Kabla. Aliyetaka kusogea kule na kofia mkononi, rota inazunguka, anajijua. Kofia yake ninayo mimi, aje na maandazi.