Kabla ya kuwa gari, Escalade ilikuwa ngazi ya vita

Mhariri, wiki hii mmeuliza neno gani la kigeni tumelizoea lakini historia yake mtu hawezi kuitarajia. Mi langu ni Escalade. Wengi tunalijua kama lile ligari la Cadillac, lilitoka 1998 baada ya Lincoln Navigator, ligari la Ford, kuanza kuwachukua wateja wenye hela kule Marekani, General Motors wenye Cadillac wakaona wanaachwa, wakachukua gari la GMC, chapa yao nyingine, lililokuwepo tayari wakalibadilisha badilisha na kulibandika nembo ya Cadillac. Gari sina neno nalo. Ila escalade kwa Kiingereza ni kuvamia ngome kwa kupanda ukuta na ngazi, na sidhani kama kuna kazi mbaya kuliko hiyo aliyowahi kupewa askari wa miguu.

Asili yake Kilatini, scala, yaani ngazi. Waitaliano wakapata scalata, Wafaransa escalade, Waingereza wakalibeba kutoka kwa Wafaransa mwishoni mwa miaka ya 1500, enzi ambazo maneno ya kijeshi yalikuwa yanamiminika kwao kutoka Ufaransa, Italia na Hispania. Ile e ya mbele imewekwa kwa sababu ndimi za huko Ufaransa na Hispania zilikuwa hazitaki kuanza na sk kavu kavu, wakatanguliza irabu. Sisi tuliochukua school tukaibandika irabu nyuma ikawa skuli tusiwacheke.

Sasa kazi yenyewe. Njia ya kawaida ya kuteka ngome ni kuizingira watu wafe njaa au kuipiga mizinga mpaka ukuta ubomoke, na hapo unaweza kukaa sana, Waomani pale Fort Jesus Mombasa walianza kuizingira Machi 1696 wakaja kuichukua Desemba 1698. Escalade ni njia ya mkato. Usiku, kimya, ngazi begani, mnashuka kwenye handaki, mnaegemeza, mnapanda mmoja mmoja na aliye juu anakusubiri na mkuki. Ngazi ikiwa fupi hamfiki, ikizidi ukuta wanaishika kwa juu wanaisukuma na watu wake.

Mfano maarufu ni Geneva, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Desemba 1602 kwa kalenda yao ya wakati ule. Charles Emmanuel, mtawala wa Savoy, dola jirani, alileta watu kama 2,000, ngazi zimepakwa rangi nyeusi zisionekane gizani na zinafunguka vipande vipande ili zibebwe na nyumbu, jamaa walijipanga kwelikweli. Wa kwanza wakapanda wakaingia, walinzi wakawashtukia, kengele zikapigwa, wenyeji wakatoka na nguo za kulalia na silaha yoyote iliyokuwa karibu. Mzinga mmoja ukazivunja zile ngazi, basi walio ndani hawana pa kushukia na walio nje hawana pa kupandia. Wenyeji 18 walikufa. Wavamizi waliokamatwa hai, 13, wakanyongwa. Halafu kuna bibi mmoja, Mère Royaume, inasemekana alimmwagia askari chungu cha supu ya moto kichwani, ndo maana mpaka leo kila Desemba Geneva wanauza vyungu vya chokoleti, mdogo kabisa na mkubwa kabisa wa nyumba wanakivunja pamoja. Sikukuu yenyewe inaitwa Escalade. Hawa ndio wenye haki na hilo jina kwa maoni yangu, sio watengeneza magari wa Detroit.

Lakini msidhani ngazi zilikuwa zinashindwa siku zote. Badajoz, Hispania, usiku wa 6 Aprili 1812, mji ukiwa mikononi mwa Wafaransa, Wellington, jenerali wa Waingereza, alishabomoa ukuta kwa mizinga na nguvu kubwa akaipeleka pale palipobomoka, ngazi akaziweka pembeni zaidi kwa kuwababaisha Wafaransa. Kilichotokea ni kinyume, pale kwenye matundu askari wake walichinjwa kwa mamia na hawakupita, waliopita ni wale wa ngazi! Watu wa Picton, jenerali aliyekuwa chini yake, walipanda kwenye kasri, wa kwanza kwanza juu alikuwa Luteni Kanali Henry Ridge, akauawa humo humo ndani usiku ule. Wenzao wa upande wa San Vicente, sehemu nyingine ya ukuta ule, walikuta ngazi zao fupi, wakatafuta palipo chini kidogo wakaingia. Usiku ule mmoja Wellington alipoteza zaidi ya watu 3,000 kati ya waliouawa na kujeruhiwa.

Baadae mizinga ikawa mikubwa, ngome zikakosa maana na neno likabaki vitabuni. Ila ndugu zake hawakufa. Mwaka 1900 kampuni ya Otis ikaonyesha ngazi za umeme kwenye maonesho ya Paris, jina Escalator lilibuniwa na Charles Seeberger kutoka kwenye scala ile ile, likawa mali ya Otis hadi 1950 walipolipoteza, kwa sababu hata wao wenyewe kwenye matangazo walikuwa wanalitumia kama jina la kawaida tu. Kutoka escalator watu wakachonga kitenzi, escalate, mwanzo kilimaanisha kupanda hizo ngazi za dukani, mpaka vita baridi ilipopamba moto ndo kikaanza kutumika kwa mapigano yanayozidi kupanda. Kwahiyo mtangazaji akisema mgogoro una-escalate, neno analotumia limepitia supamaketi kabla ya kurudi vitani, na njiani halikugusa Geneva wala Badajoz.