Kiharusi kwa video: msianzie kwenye kamera

SWALI: Hospitali yetu ya wilaya ina CT-Scan ila bingwa wa mishipa ya fahamu hatuna. Mgonjwa wa kiharusi akija, tunaipiga filamu yake picha kwa simu na kuituma WhatsApp kwa bingwa aliyeko mjini. Sasa tunataka vifaa vya video. Tununue kamera gani, na intaneti iwe na kasi gani?

JIBU: Daktari, hayo ndiyo mepesi. Kamera iwe ile ambayo bingwa anaigeuza na kuivuta karibu mwenyewe kutoka aliko, mpaka aone mboni za macho. Iwe juu ya stendi ya magurudumu, isimame miguuni pa kitanda. Intaneti ya Mbps 2 kwenda na kurudi inatosha, ilimradi msigawane na ofisi nzima.

Kinachoniudhi ni hiyo picha ya filamu, na naikuta kila mahali. Damu nyingi iliyovuja itaonekana, sawa. Lakini dalili za mapema za ubongo kukosa damu ni hafifu mno: mpaka wa sehemu ya kijivu na nyeupe unafifia kidogo, au mshipa mmoja unang'aa kuliko mwenzake. Simu inazifuta hizo, WhatsApp inamalizia. Tumeni faili zote za DICOM (picha halisi za kidijitali) kutoka kwenye mashine, bingwa apitie kipande kwa kipande na kurekebisha mwanga mwenyewe.

Tena filamu haimwonyeshi mgonjwa. Kipimo cha NIHSS, cha kupima ukali wa kiharusi (alama 0 hadi 42), bingwa hukiongoza kwa video, lakini mikono ni ya muuguzi wenu. Mgonjwa aliyelala ainuliwe mkono nyuzi 45, muuguzi auachie, mhesabu sekunde 10 mkiangalia kama unashuka. Muuguzi asiyefunzwa hili, kamera ya bei yoyote haimsaidii.

Halafu saa. Alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho, siyo tangu alipokutwa ameanguka. Aliyelala saa 4 usiku akiwa mzima, akaamka saa 12 asubuhi amepooza, ameshapitisha saa 8. Kwa CT ya kawaida pekee hapewi. Anayefaa apimwe uzito kwa mizani, msikisie. Dozi ni mg 0.9 kwa kilo, isizidi mg 90. Mwenye kilo 60 anapata mg 54: mg 5.4 kwa dakika moja, mg 48.6 zilizobaki kwa saa nzima.

Na hapa nawaambia wote, siyo wewe tu. Acheni kumpa mgonjwa aspirini kabla ya CT. Hujui kama kichwani kuna damu inayovuja. Acheni nifedipini chini ya ulimi: presha inaporomoka ghafla, na sehemu ya ubongo iliyokuwa ikiponea kwa presha hiyo inakufa. Anayeandaliwa kwa alteplase ashushwe presha taratibu kwa dawa ya mshipani, kama labetalol, hadi chini ya 185/110. Ule ujumbe unaosambazwa wa kumchoma mgonjwa vidole kwa sindano atoke damu ni uongo mtupu. Anayechomwa vidole au kuchuliwa nyumbani hadi jioni, akifika kwenu hata sukari yake haijapimwa, na sukari iliyoshuka peke yake inaweza kumfanya aonekane ana kiharusi. Ipimeni kabla hamjampigia bingwa.