Kabla hujakata msambu usiozaa

Mwaka niliorithi shamba la marehemu baba huku juu Amani, wilayani Muheza, nilikata misambu miwili, miti ya msituni ambayo mbegu zake zinatoa mafuta. Ilikuwa mikubwa, imenyooka, na kivuli chake kimeifunika iliki yangu mpaka ikawa inarefuka tu bila kuzaa. Misimu mitatu nilikuwa naitazama. Inatoa maua, tena mengi, yanamwagika chini mpaka unayakanyaga ukipita, halafu basi. Hata tunda moja la kusingiziwa sikuliona. Misambu mingine minne palepale shambani ilikuwa inazaa kila mwaka, nikaona hii miwili inakula mbolea ya bure. Nikafuatilia kibali, nikaita watu wa msumeno.

Msimu uliofuata matunda ya ile minne yakapungua. Uliofuata tena, yakawa ya kuhesabu kwa vidole. Mzee mmoja jirani, ambaye namwita babu ingawa hatuna undugu, alipita akaviona visiki, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Mjukuu wangu, umeua mabwana, sasa hawa wake wazae na nani?"

Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa ananifundisha botania.

Msambu, huo Wasambaa wanaouita hivyo na wengine wakauita mkanyi, kwa jina la kitaalamu ni *Allanblackia stuhlmannii*. Hilo la pili ni la Franz Stuhlmann, Mjerumani aliyewahi kuongoza taasisi ya utafiti iliyoanzishwa hapa Amani mwaka 1902. Mti wenyewe ni wetu: kiasili unaota Tanzania tu, Usambara na baadhi ya safu nyingine za Milima ya Tao la Mashariki. Na miti yake ina jinsia. Kuna dume na kuna jike, kila mmoja kwenye shina lake, kama mpapai. Mpapai dume kila mtu anaujua kwa sababu unaonekana ndani ya mwaka. Msambu ukitoka kwenye mbegu unaweza kukuweka miaka kumi na zaidi kabla hujajua umepanda nini.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza: ukiwa na msambu unaotoa maua bila matunda, weka panga chini kwanza, uokote ua. Lipasue kwa ukucha. La kiume utakuta stameni, vile vijiti vyenye chavua (unga wa kiume), zimejikusanya katika mafungu matano. La kike katikati lina ovari ya kijani, nene, ndiyo itakayokuwa tunda. Dakika mbili tu. Mimi dakika hizo sikuwa nazo, nikapoteza misimu.

Kosa la pili lilikuwa la kitaluni. Nilitaka kufidia, nikakusanya matunda yaliyoanguka. (Usichume juu ya mti. Subiri lianguke lenyewe, ndiyo limekomaa, na uwahi kabla ya panya buku.) Tunda la msambu kama hujaliona, fikiria kitu cha rangi ya udongo mwekundu, kirefu kupita kiganja na kifundo chake, kinaning'inia kwenye kikonyo kama mzigo. Moja nililipima likazidi kilo tatu. Ndani kuna ute unaonata, mbegu zimepangana humo. Hilo moja nilihesabu mbegu 46.

Nikajaza viriba, nikapanda, nikamwagilia. Mwezi, kimya. Miezi mitatu, kimya. Nikafukua moja, nzima, ngumu, haijaoza wala haijaota. Mwezi wa tano nikakasirika, nikamwaga udongo wote kwenye shimo la taka nyuma ya jiko, viriba nikavitumia kwa mikarafuu. Mwaka mmoja baadaye mke wangu akaniita: "Baba Halima, njoo uone taka zako." Miche tisa, majani mazito yanang'aa, yamekaa mawilimawili yakitazamana. Hata cha kujitetea nacho sikuwa nacho.

Mbegu ya msambu inalala. Kuota kwake huchukua miezi sita hadi 18 hivi, nyingine hata zaidi, na haziamki pamoja. Sisi watu wa Tanga tuna sifa ya "waja leo waondoka leo", lakini mti huu hausikii lugha hiyo. Kinachosaidia ni kulivua ganda. Gumu lile la nje linalizuia chipukizi, ukiliondoa kwa uangalifu bila kuijeruhi mbegu, muda unapungua. Mimi natumia kisu kidogo cha kumenyea machungwa, naanzia pembeni, nabanua taratibu. Ukisikia kisu kimezama kwenye kitu laini, umeshaiharibu, tupa. Kisha udongo wa msituni, kivuli, na unyevu usiokauka hata siku moja. Na mbegu zilizoanikwa kwa ajili ya mafuta usiziweke kitaluni. Hizo ni za mafuta.

Maana mafuta ndiyo yaliyoupa mti huu umaarufu. Yamejaa asidi ya steariki na ya oleiki, kwa hiyo yanaganda, na hata kwa joto la Tanga mjini yanabaki mgando kwenye kopo. Bibi zetu walipikia. Miaka ya 2000 kampuni za nje zikaanza kuzitafuta mbegu kwa ajili ya siagi na sabuni, ndipo watu wengi huku wakaacha kuuona msambu kama kuni. Bei sitaisemea sana. Aliyekuja kununua kwangu mara ya kwanza alikuja na mizani yake, na mizani ile ilikuwa na huruma kwa upande mmoja. Nunua ya kwako.

Ila kama unaanza leo, usipande mbegu kwa matumaini. Panda mche uliobebeshwa, yaani uliounganishwa na kijitawi cha mti mwingine. Miche ya mbegu iwe shina la chini tu, halafu uchukue kikonyo (ndicho hicho kijitawi, si kile cha tunda) kwenye msambu jike unaoufahamu, ule unaozaa sana na umeuona kwa macho yako. Kikonyo kinabeba jinsia ya mama yake, kwa hiyo hubahatishi tena, na mti unatangulia kuzaa kwa miaka. Kata asubuhi, funga kwenye kitambaa chenye maji, bebesha siku hiyohiyo. Mimi nafunga kwa kipande cha nailoni na juu navisha mfuko mwembamba ili kikonyo kisinyauke. Mwanzoni kati ya kumi nilipata mitatu. Mkono umezoea sasa.

Wiki iliyopita ndugu mmoja wa Pongwe, kule pwani, alinipigia simu akitaka miche hamsini. Nimemkatalia. Amani iko kama mita 900 juu ya bahari na inapata mvua karibu milimita 2,000 kwa mwaka, ukungu hadi saa nne asubuhi. Msambu ni mti wa msitu wa mvua wa mlimani. Ukiupeleka kwenye jua la pwani unautesa. Yeye apande minazi.

Kitaluni kwangu sasa kuna miche 22 iliyobebeshwa. Kumi na tisa ni jike. Mitatu nilichukua vikonyo vyake kwa yule babu, kwenye msambu wake usiozaa, nikaifunga vitambaa vyekundu. Halima ameshaniuliza mara mbili hiyo mitatu ya nini, mbona haina faida. Nimempeleka kwa babu akamweleze mwenyewe.