Virusi vimefubazwa lakini hamu ya maisha imepotea: je, ni sonona au ni dawa?

Swali: Nina miaka mitatu nikitumia ARV za TLD (kidonge kimoja chenye dawa tatu), na kila kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha kwamba virusi vimefubazwa. Hata hivyo, kwa miezi miwili sasa nakosa usingizi, nachoka kabla hata ya kuanza kazi, na mambo niliyoyapenda hayanivutii tena. Kliniki niliambiwa nipunguze mawazo. Je, haya yanatokana na virusi, na dawa, au ni sonona (ugonjwa wa huzuni na kukosa hamu)? Na kama ni sonona, dawa zake hazitagongana na ARV?

Jibu: Ndugu msomaji, maelezo yako yanaelekea zaidi kwenye sonona, ingawa jambo hilo halithibitishwi kwa barua. Uchovu, kukosa usingizi na kukonda vinaweza kuletwa na kifua kikuu, upungufu wa damu au hitilafu ya tezi ya shingo, na ndiyo maana kwa mtu anayeishi na VVU dalili za mwili peke yake hazitoshi. Kinachonifanya niegemee kwenye sonona ni kule kupotea kwa hamu. Upungufu wa damu humchosha mtu, lakini kwa kawaida haumfanyi ajione kuwa mzigo kwa wenzake wala haumwondolei furaha ya kumwona mwanawe.

Omba upimwe kwa dodoso la PHQ-9, lenye maswali 9 kuhusu hali yako katika wiki 2 zilizopita. Kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, na jumla ya 10 au zaidi kati ya 27 humtaka mtoa huduma afanye tathmini ya kina. Swali la mwisho linahusu mawazo ya kutamani kufa au kujidhuru. Likikugusa, usisubiri tarehe yako ya kliniki, bali nenda kituo chochote cha afya siku hiyo hiyo, ukisindikizwa na mtu unayemwamini. Kumwambia mgonjwa apunguze mawazo si matibabu, na kwa maoni yangu una haki kamili ya kurudi na kudai upimwe.

Kuhusu ARV, dolutegraviri iliyomo kwenye TLD inaweza kuvuruga usingizi, na kwa watu wachache huambatana na sonona, ingawa efavirenzi, ARV nyingine, ndiyo inayojulikana zaidi kwa ndoto za kutisha na kuyumba kwa hisia. Kwa kuwa ulitumia dawa hizi kwa muda mrefu bila shida, sidhani kwamba ndizo chanzo kikuu. Kama unazimeza usiku, muulize mtoa huduma kuhusu kuhamia asubuhi. Usiziache wala usiruke dozi, kwa sababu sonona yenyewe tayari humfanya mtu asahau au apuuze dawa, na hapo virusi hupata nafasi ya kuongezeka na hata kujenga usugu.

Sonona hutibiwa kwa mtu anayetumia ARV kama kwa mtu mwingine yeyote: tiba ya mazungumzo kwanza pale hali inapokuwa nyepesi, na dawa zikiongezwa inapokuwa nzito. Setralini, mojawapo ya dawa za sonona, haigongani na TLD kwa kiwango cha kutia wasiwasi. Tahadhari kubwa ni kwa wanaotumia ARV zenye ritonaviri, kwani hiyo hupandisha kiwango cha amitriptilini, dawa nyingine ya sonona, mwilini. Dawa za mitishamba zenye mmea wa *Hypericum perforatum*, zinazouzwa kama tiba ya huzuni, ziepuke kabisa kwa sababu hushusha kiwango cha dolutegraviri. Na kwa kuwa wenye uchovu mara nyingi hupewa vidonge vya madini ya chuma (pengine hata wewe unavyo), vimeze pamoja na TLD wakati wa chakula, au umeze TLD saa 2 kabla yake ama saa 6 baadaye.

Kabla ya kuandikiwa dawa ya sonona, mweleze daktari kama umewahi kuwa na kipindi cha uchangamfu uliopitiliza, ukilala kidogo sana bila kuchoka, kwani hali hiyo hubadilisha matibabu. Nafuu huchukua wiki kadhaa kuonekana, na baada ya kupona dawa huendelezwa kwa miezi 6 au zaidi, kisha hupunguzwa kidogo kidogo chini ya uangalizi wa daktari.