Heshima kati ya mhudumu na rubani haijengwi kwa woga

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya uhudumu wa ndege huniuliza sana namna ya kuishi na marubani. Wengi mmeambiwa heshima ni kumpelekea kahawa kwa wakati na kutomsumbua. Mwiteni Kapteni, ni haki yake. Mimi humwita hivyo hata tukiwa hotelini. Ila kunyamaza kwa woga si heshima, na katika kazi yetu kunaua.

Tarehe 10 Machi 1989, mjini Dryden nchini Kanada, ndege ya Air Ontario aina ya Fokker F28 ilianza kuruka ikiwa na theluji juu ya mabawa. Mhudumu aliiona. Waliiona pia abiria, wakiwemo marubani waliokuwa wakisafiri tu siku hiyo. Hakuna aliyemwambia kapteni. Ndege ilishindwa kupanda, ikaangukia msituni. Kati ya watu 69 waliokuwemo, 24 walikufa. Mhudumu huyo alinusurika, akaieleza tume ya uchunguzi kwamba kwa jinsi alivyowajua marubani, hakutarajia wangemsikiliza. Sisemi alikuwa mzembe. Kazi yenyewe ilikuwa imemfundisha kunyamaza, na hilo huniuma kila nikilikumbuka.

Basi kwenye brifingi, yaani kikao kifupi cha wafanyakazi wa ndege kabla ya safari, kapteni asipoligusia jambo hili, muulize mapema: "Kapteni, nikiona kitu wakati wa kuruka, nikupigie?" Ukipiga simu ya ndani, taja ulichoona na mahali kilipo: "Kuna harufu ya waya unaoungua jiko la nyuma, moshi sijauona." Usimwambie kimeharibika nini, hiyo ni kazi yake. Nawe mheshimu kwa kutompigia mambo ya chakula ndege ikiwa chini ya futi 10,000, maana hapo ana mengi mkononi. Jambo la usalama halisubiri futi.

Kwenu marubani: nimewahi kuruka na kapteni ambaye binti mgeni kazini alimpigia kwa sababu mlango wa nyuma ulikuwa unapiga mluzi. Ilikuwa hewa tu inapita kwenye mpira wa mlango. Alimshukuru, na tulipotua akaenda naye hadi mlangoni akamwonyesha unakotoka ule mluzi. Angemfokea, habari ingetufikia wahudumu wote kabla hatujashuka, na safari iliyofuata nani angeinua simu?